Amewaona Mpaka Ndani

Mwaka ule serikali iliporuhusu wafanyabiashara binafsi kununua korosho, wageni walianza kupanda Newala kwa magari ya kila aina. Kule kijijini Mkunya kulikuwa na wanawake waliobangua korosho pamoja kwenye ua wa Helena, ambaye wote walimwita Mama Majaliwa. Waliposikia kwamba mnunuzi Mwingereza angekuja kuwaona, wakatafuta mkalimani. Hawakufikiria mwingine ila Alfredi, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari moja pale Newala, mtu aliyependa kusahihisha Kiingereza cha wenzake mbele za watu.

Mnunuzi alifika asubuhi na mfuko wa korosho walizompelekea kama mfano. Akazimwaga kwenye ungo. Nyingi zilikuwa zimevunjika, na nyingine zilikuwa na ukungu. Mwanzoni alisema polepole, na Alfredi akatafsiri vizuri kwamba korosho hizi hazifai kwa soko lake, ila anajua kuwa wanawake hawa ni wageni katika kazi yenyewe. Kisha akatazama saa, akasimama, akasema jambo kwa haraka. Alfredi alishika *see*, akashika *through*, akashika *you*. Angeweza kumwomba arudie. Lakini wanawake wote walikuwa wakimtazama mdomoni, akaona haya kuonekana hakusikia.

"Anasema amewaona mpaka ndani," akawaambia. "Ujanja wenu ameutambua."

Mnunuzi akatabasamu, akawapa mkono mmoja mmoja, akasema atarudi Jumamosi. Tabasamu lile walilichukulia kuwa ni dharau.

Gari lilipoondoka wakaanza kuulizana ni ujanja gani. Lazima kuna mtu aliyechanganya korosho za zamani na mpya. Mmoja akakumbuka kuwa Sijaona, mjane aliyejiunga nao mwisho, aliwahi kubangulia korosho nyumbani kwake wakati bintiye Rose alipougua. Basi ikawa yeye. Sijaona alikana, akawaonyesha vidole vyake vilivyoungua kwa mafuta ya maganda kama vyao. Hakuna aliyemtukana. Mama Majaliwa alimwambia tu apumzike kwanza, na nafasi yake kwenye mkeka akapewa mwingine. Siku hiyohiyo jirani zake walimwona akipita barabarani na mwanawe na mzigo kichwani, akienda kwa kaka yake Lupaso.

Jumamosi mnunuzi alikuta ua mtupu. Walikwisha kubaliana kwamba mtu aliyewaita walaghai hawatamlaki. Alingoja kidogo, kisha akaelekea Kitangari, akapata wabanguaji wengine huko. Alfredi alipoyasikia hayo sokoni alisema wamefanya vizuri, heshima kwanza.

Wiki chache baadaye alikuwa akifundisha kidato cha tatu mahali kiwakilishi kinapokaa kwenye vitenzi vya maneno mawili. Aliwaeleza kwamba jina linaweza kukaa kati au mwisho: unaweza kusema *turn off the lamp*, zima taa, na unaweza kusema *turn the lamp off*. Lakini kiwakilishi hukaa kati, *turn it off*, na anayekipeleka mwisho amekosea.

Mwanafunzi mmoja, Esha, akauliza kama ndivyo ilivyo siku zote.

Alfredi akasema hapana, viko vitenzi ambavyo kiwakilishi hubaki mwisho, na akaandika ubaoni mfano uliomjia: *I see through you*. Maana yake, nimeugundua uongo wako.

"Na kikiwekwa kati, mwalimu?"

Akaandika *I will see you through* ili awaonyeshe kosa. Alipomaliza neno la mwisho, alibaki akiitazama sentensi yake. Hivyo ndivyo yule mnunuzi alivyosema. *You* ilikuwa kati. Aliisikia sasa waziwazi, kama mtu aliyesimama nyuma yake. Akawaambia wanafunzi wanakili, akaenda ofisini kufungua kamusi. Halikuwa kosa. Sentensi ile ilikuwa na maana yake yenyewe: nitakuwa nanyi mpaka mvuke shida hii.

Siku kadhaa alipita njia za vichochoroni ili asikutane na mtu wa Mkunya. Hatimaye alikwenda kwa Mama Majaliwa wakati wengine hawapo, akamkuta jikoni, akamweleza kwa sauti ya chini, akamwomba awafikishie wenzake taratibu.

Mama Majaliwa alisonga ugali mpaka ukaiva ndipo akajibu.

"Mwalimu, mama wa watu tulimtoa mchana, watu wakiona. Wewe unakuja kuniambia jikoni?"

Kesho yake Alfredi alipanda lori mpaka Masasi, akafika Lupaso alasiri. Sijaona alikuwa akipalilia chini ya mikorosho ya kaka yake. Alipomwona akaweka jembe chini, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu." Alfredi akamweleza yote akiwa amesimama juani, bila kuficha kwamba angeweza kuuliza na hakuuliza.

Sijaona hakulia wala hakumlaumu. Alisema tu, "Siku ile Rose aliniuliza, mama, ndani yako yule mgeni ameona nini? Sikuwa na la kumjibu. Njoo umjibu wewe."

Mtoto alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Alfredi alichuchumaa mbele yake, mtu mzima na kalamu zake mfukoni, akamwambia kwamba mgeni hakuona kitu kibaya. Mgeni alisema atawasaidia, na yeye, mwalimu, ndiye aliyesema uongo kwa sababu hakusikia. Rose akamtazama, kisha akamtazama mama yake, akaendelea na mboga zake.

Siku waliyokubaliana, Sijaona alikuja Mkunya. Alfredi aliyarudia maneno yale mbele ya wanawake wote na waume waliokuja kusikiliza. Mzee mmoja akauliza kwa nini basi analipwa mshahara wa kufundisha. Mama Majaliwa alimshika Sijaona mkono, akamwomba radhi kwa Kimakonde, akasogea kwenye mkeka kumpa nafasi akae. Sijaona akawaambia amewasamehe. Lakini hakukaa. Alisema kaka yake amempa kipande cha shamba, na huko hakuna anayemchunguza.

Msimu uliofuata mnunuzi alichukua korosho za Mkunya pia, kwa uchache, baada ya Alfredi kumfuata Kitangari na kumweleza. Mnunuzi alicheka sana, akasema Kiingereza ni lugha ngumu hata kwa wenyewe. Alfredi hakuona la kucheka. Hata leo akifika kwenye somo lile humwachia mwalimu mwingine, na wanafunzi hawajui sababu.