Majaribio ya Jibini kwa Mashine Mbili

Vita vilikuwa vimepoa kidogo, barabara ya Kibabi imefunguka, na Blandine alitaka jambo moja tu: kumwona mama yake huko kabla haijafungwa tena. Lakini Stéphane, mkuu wa ushirika wa jibini, fromaje kama wanavyoiita wenyeji, pale Kitshanga, alikuwa na sharti. Mwongozo wa majaribio ya programu yao ya kompyuta umalizike, na Kahambu, mfanyakazi mpya, aufuate peke yake, Blandine asitie hata neno.

Programu aliitunga Blandine mwenyewe. Inaonyesha jibini ipi imeiva. Kabla ya kubadilisha chochote unaendesha majaribio: ikitoka kijani endelea, nyekundu acha kwanza. Yeye anatumia Linux, Kahambu Windows, basi kila hatua aliiandika mara mbili. Aliuonea fahari mwongozo ule, tena bila haya!

Wakawasha jenereta. Blandine akakaa na mashine yake magotini, uso ukutani.

Kahambu, binti wa mfanyabiashara wa Butembo, alikuwa mgeni kabisa wa kazi ile. Alisoma kila hatua kwa sauti kama yuko kanisani. Halafu akapiga kelele: "Yesu! Iko nyekundu yote! Inasema fromaje haiyatengenezwa bado!"

Ulimi ulimwasha Blandine. Nje pikipiki ya Kibabi ilikuwa inamngoja, na machozi yalikuwa karibu. Akainamia mashine yake, akaona vidole vyake vinarekebisha tarehe, vyenyewe tu. Lo! Mashine zao zote ni kuukuu, betri ya saa imekufa ndani. Zikizimwa zinarudi mwaka 2009, jibini yenyewe haijawazwa. Kila asubuhi wazoefu wanarekebisha, kama kunawa uso. Nani anaandika "nawa uso" kwenye mwongozo?

Akaongeza hatua ya kwanza, ya Linux na ya Windows, akampitishia Kahambu flashi juu ya bega, kimya. Kahambu akasoma, akarekebisha tarehe, akaanza upya.

"Dada Blandine, kijani! Yote!"

Stéphane akacheka. "Basi enda. Hatuna tena lazima na weye."

Mwingine angenuna kuambiwa hahitajiki. Blandine alicheka njia nzima, matope mpaka magotini, akafika Kibabi akipiga kelele toka uani: "Mama! Kule kazini hawana tena lazima na miye!"

Mama yake akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama sana.

"Miye niko na lazima na weye," akasema. "Ingia, ule."