Mkono wa Shaba

Mshonaji aliona mwenyewe, wala hakusimuliwa. Mumewe, mkataji, alikuwa akizungumza na mteja huku ameweka kiganja juu ya mkono wa shaba, ule wa kunyooshea glavu zilizokwisha kushonwa, unaopashwa moto kwa umeme mpaka tone la maji likiuangukia linachemka. Mtu yeyote angeruka. Yeye aliendelea kueleza jinsi ngozi inavyoloweshwa, kwa raha zake, kama aliyeegemea kiti. Alipouondoa mkono wake, ni kwa sababu alitaka kujikuna sikio.

Moyo ulimpasuka mshonaji. Papo hapo mambo ya wiki zilizopita yakajipanga kichwani mwake: ngozi alizozichana mkataji, akawalaumu mbuzi wa siku hizi kwamba hawana ngozi, wana karatasi, na ile tabia mpya ya kuisugua kila ngozi shavuni kabla ya kuikata. Alikuwa akimtania, "Hizo ngozi unazibusu kuliko mimi." Kumbe mwenzake alikuwa akitafuta kwa shavu kile ambacho vidole vimekataa kumwambia.

Na leo mezani palikuwa na ngozi isiyo na mbadala. Mteja alikuwa mwimbaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kujaza chumba hata akiomba maji. Ngozi hiyo laini ya mwanambuzi aliirithi kwa mama yake, aliyeitunza miaka yote ikiwa imeviringishwa ndani ya kitambaa cha pamba, mbali na jua, bila kukunjwa hata mara moja. Mama alikuwa akisema itashonwa glavu siku binti yake atakapoimba kwenye ukumbi mkubwa. Siku hiyo ilikuwa imewadia, na mama hayupo.

Watu hudhani kukata glavu ni mkasi. Kazi yenyewe ni kuvuta. Ngozi iliyoloweshwa kidogo huvutwa ukingoni mwa meza mpaka isinyumbuke tena kwa urefu, ibaki kunyumbuka kwa upana peke yake. Ukivuta pungufu, vidole vya glavu vitarefuka vikivaliwa na kuning'inia. Ukizidisha, ngozi inachanika, na iliyochanika haina fundi. Mpaka kati ya hayo mawili hauonekani kwa macho. Unasikika vidoleni tu.

Mkataji akaishika ngozi pande mbili.

"Bado kavu hiyo," mshonaji alisema.

"Nimeilowesha mwenyewe."

"Kavu. Ifunge tena kwenye kitambaa chenye maji."

Shemeji yake, mdogo wa mkataji na msimamizi wa duka, aliyesimama kando ya mteja, alikunja uso. Yule hakuwa na dogo. "Shemeji, siku hizi wewe ndiye mkataji?"

"Mimi ndiye nitakayeishona. Mpeleke mgeni akanywe chai."

Shemeji alitaka kubisha, lakini mwimbaji alikuwa ameshasimama, akisema chai hakatai. Mlango ulipofungwa, mkataji aliilaza ngozi mezani, akamgeukia mkewe kwa hasira iliyomkaza shingo.

"Unanivunjia heshima mbele ya mteja."

"Angalia kiganja chako."

"Kina nini?"

"Kiangalie tu."

Akakigeuza. Chini ya vidole lilikuwa limeota lengelenge, limejaa maji. Alilitazama, kisha akautazama mkono wa shaba, na hasira ikamtoka yote mara moja, akabaki mzee. Mshonaji aliona afadhali angemtukana kuliko kumwona vile.

"Tangu lini?" alimuuliza.

"Ni sukari. Daktari alinionya. Nilidhani ni ncha za vidole tu." Akakigeuza kiganja chini. "Mdogo wangu akijua, ataniweka kaunta niuze vifungo."

"Basi nivute mimi, wewe ukate."

"Hujawahi kuvuta ngozi."

"Nimezishona maisha yangu yote. Iliyovutwa vibaya naijua kwa sindano kabla wewe hujakubali."

Hilo hakuweza kulibishia. Mshonaji akaishika ngozi, roho mkononi.

"Vuta. Inakuja?"

"Inakuja."

"Sasa?"

"Bado inakuja."

"Polepole. Sasa?"

Kitu kidogo kikamgusa chini ya kidole gumba, kama mtu wa upande wa pili amekaza kamba. "Imegoma."

"Hapo hapo. Usilegeze."

Mkataji alikuwa ndiyo kwanza ameshika mkasi mlango ulipofunguka. Shemeji alitangulia, mwimbaji nyuma yake.

"Kaka," shemeji alisema, "tangu lini mshonaji anavuta ngozi humu ndani?"

Mshonaji alikuwa na uongo tayari mdomoni: angesema yeye ndiye aliyeng'ang'ania, anataka kujifunza. Mkataji akamwahi.

"Tangu leo. Vidole vyangu havisikii tena. Vyake vinasikia." Akamgeukia mwimbaji. "Ngozi ni ya mama yako. Ukitaka kuondoka nayo, nitakufungia mwenyewe kwenye kitambaa chake."

Mikono ya mshonaji ilianza kuuma, na hakuthubutu kuilegeza. Mwimbaji alimtazama mkataji, halafu akaitazama mikono ile inayotetemeka kwa kushikilia.

"Kateni," alisema. "Mnamchosha huyu mama."

Mkasi ukaingia. Shemeji alisimama pale mpaka kidole cha mwisho kilipokatwa, kisha akatoka bila neno, na mume na mke wote walijua kwamba neno lenyewe litakuja kesho.

Jioni, duka likiwa limefungwa, mshonaji alikiweka kiganja cha mumewe juu ya goti lake. Alikipaka dawa taratibu, akakizungushia kitambaa safi, akafunga fundo. Muda wote huo mkataji alikuwa ameelekeza uso dirishani, akiwatazama watu wanaorudi makwao.

"Paka basi," alisema. "Unangoja nini?"

Mshonaji akabana midomo mpaka kilio kikapita. "Geuka uone," alimwambia, akakifungua kitambaa, akaanza upya.