Buti Ndani ya Friji la Soda

Wanawake wa mtaa wa Kasubi waliokuja kuhani walirudi makwao na neno moja mdomoni: Zulaikha hajalia. Alikaa mkekani na shuka lake jeupe, akaitikia amina kila walipomwombea marehemu, akauliza kama chai ina sukari ya kutosha. Lakini chozi, hata la kusingizia, hakuna. Wakasema ana moyo mgumu huyo.

Zulaikha mwenyewe aliyasikia maneno hayo. Kila alipojichunguza ndani alikuta kimya, kama nyumba iliyohamwa. Ramathan, mume wake, dereva wa watafiti wa mimea, alikufa gari lao lilipopinduka wakiteremka Mlima Elgon. Hilo alilijua, na angeweza kumweleza mgeni yeyote bila sauti kutetemeka. Ila halikumuuma popote, na hapo ndipo alipoogopa, maana alimpenda sana yule mtu.

Mizigo ya marehemu ililetwa kwenye mfuko wa nailoni: mashati, tochi, na mabuti yaliyojaa tope mpaka kwenye kamba. Nguo ziligawiwa ndugu, kama ilivyo desturi. Mabuti yakawa fungu la Abdunoor, mdogo wake marehemu, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuyasafisha, yakaachwa uani. Mvua ikayanyeshea, maji ya kufulia yakayarukia. Zulaikha alikuwa kwenye eda, hatoki nje ya lango, basi akawa anayatazama kwa kukosa kingine cha kutazama.

Asubuhi moja akaona kijani kwenye buti la kushoto. Baada ya muda kikawa kimea kamili, shina jembamba, majani mawili mawili, halafu kiua cheupe kidogo ambacho kila petali yake imepasuka katikati. Mama mkwe wake, Hajati Naila, mwenye duka lililo mbele ya nyumba, alikiangalia mara moja tu.

"Majani ya kuku hayo. Ng'oa, Abdunoor anataka viatu vyake."

Zulaikha hakung'oa.

Siku hizohizo Helen akaja kuwasalimu, mkono ukiwa bado umefungwa bandeji. Ndiye mtafiti aliyekuwa na Ramathan garini. Alipoliona buti alichuchumaa, akakigeuza kiua kwa kidole.

"Nnyabo, bibi yangu, hii tunaita stelaria. Ile ya kuku ni ndugu yake, inamea popote. Lakini hii iko ya kule juu tu, kwa baridi. Anza milima ya Ethiopia, kuja Elgon, kwenda mpaka kusini huko. Juu ya milima utaipata. Hapo katikati, bondeni, hakuna."

"Na hapa?"

"Hapa joto itaiua, bambi, masikini."

Alikuwa anasema kweli, majani ya chini yalikwisha kuwa ya manjano. Zulaikha akaliangalia buti. Ramathan hakukusudia kumletea kitu safari ile, lakini alikuwa amemletea, mbegu ndani ya tope, na kilikuwa kinakufa uani mbele ya macho yake. Hakuwa tayari kumpoteza mara ya pili. Mgeni alipoondoka tu, akaingia dukani, akatoa soda zote za rafu ya chini kwenye friji la kioo, akaliweka buti humo.

"Astaghafirullahi!" Hajati Naila alishika kichwa. "Watu wanakunywa vitu vya humu!"

"Najua, mama. Lakini hiki ni cha kule juu kwenye baridi, kimekuja na Ramathan."

Mwendesha boda mmoja akachungulia, akacheka mpaka akakohoa. "Hajati, siku hizi munauza viatu ya baridi?"

Hajati alinuna mpaka jioni, ila buti hakulitoa. Kila asubuhi Zulaikha alilinyunyizia maji na kufunga mlango wa kioo. Majani yakarudi kuwa ya kijani. Abdunoor akaja kudai viatu vyake, akaambiwa asubiri, akaondoka akiguna.

Kisha mchana mmoja umeme ukakatika Kasubi nzima. Zulaikha alikuwa chumbani, ameswali adhuhuri na kupitiwa na usingizi juu ya msala. Alipoamka alisikia kimya cha friji. Akakimbia dukani bila viatu.

Mlango wa duka ulikuwa umefungwa nusu, wateja wamesimama nje. Hajati Naila alikuwa ameketi juu ya kreti, buti amelipakata, amelizungushia mabonge ya barafu kutoka kwa jirani muuza samaki, yamefungwa kwa ushungi wake mwenyewe. Kichwa chake kilikuwa wazi. Maji yalimtiririka mpaka miguuni.

Abdunoor alikuwa mlangoni. "Mama, basi leo nichukue buti zangu?"

"Vaa ndala," alisema Hajati bila kugeuka.

Akamsogezea Zulaikha kreti la pili. "Kaa hapa unisaidie. Mikono yangu imechoka." Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana. "Huyu mtoto Ramathan hakuwezanga maji ya baridi. Kila asubuhi mimi namuchemushia, mpaka siku anakuoa. Sijui kule juu alikuwa anaoga aje."

Zulaikha akakaa, akaingiza mikono chini ya ushungi na kuishika barafu. Kwanza hakusikia kitu. Halafu baridi ikamwingia vidoleni, ikapanda mpaka kwenye mifupa ya kiganja, ikamuuma, ikamuuma kweli, mpaka macho yakajaa machozi.

Hakuitoa mikono.