Majani ya Tunu

Asubuhi hiyo mtu nisiyemjua alikuja na pikipiki mpaka mlangoni mwa kituo chetu cha gari la wagonjwa, hapa Same, akashuka bila kuzima injini.

"Bibi Yudith kaanguka tangu jana akikata majani ya ng'ombe. Paja limevunjika. Tulimbeba hadi nyumbani, na sasa hataki kutoka!"

Huyo alikuwa Rodgers, bodaboda wa Vudee. Tulimfuata mlimani: dereva, mimi, na Sista Beatha, muuguzi aliyehudumu kwenye gari hilo miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa na miezi miwili tu tangu nimalize masomo.

Gari liliishia barabarani, tukabeba machela kwa miguu katikati ya migomba. Nilimkuta bibi amelala chini ndani kwake, nikamgusa unyayo wa mguu uliovunjika. Ulikuwa wa baridi, damu haifiki. Tungechelewa, mguu ungepotea.

"Shikamoo, bibi. Twende hospitali, utapona kabisa."

"Marahaba. Kwani umeongea na Mungu asubuhi hii?" Akageuza uso. "Tunu nimwachie nani? Ana mimba, na wanangu wako mbali. Nendeni tu."

Tunu, ng'ombe wake, alikuwa bandani akilia kwa njaa.

Niliendelea kubembeleza mpaka Sista Beatha akanivuta kando. "Doreen, kupona hakuko mikononi mwako, usimwahidi hilo. Tafuta kitu mikono yako inachokiweza, uahidi hicho."

Mundu ulikuwa umechomekwa ukutani. Nikautazama, nikarudi kupiga magoti.

"Bibi, kila Jumamosi na Jumapili nitakuja kumkatia Tunu majani, mpaka urudi."

"Wewe, mtoto wa chuo? Mundu unaujua?"

"Nimezaliwa kijijini, Msangeni, bibi."

"Kumbe Mgweno, mtani wetu! Basi Tunu atakonda."

Rodgers akacheka. "Siku nyingine niachie mimi, bibi."

Bibi akanigeukia. "Haya," akasema, "nibebeni."

Tulimfunga banzi la kushikilia mguu, tukashuka. Mguu uliokolewa, lakini madaktari walisema angekaa wodini wiki nyingi.

Jumamosi ya tatu ilikuwa siku ya mahafali yangu, Moshi. Joho nilishalichukua, na mama alishashona kitenge. Nilitegemea Rodgers anishikie zamu, lakini alikuwa msibani Kihurio. Ijumaa jioni nikampigia mama, nikamweleza kuwa sitafika.

"Basi kitenge nitakivaa kanisani," akasema. Sauti yake iliniuma kuliko maneno.

Kesho yake, saa ambayo majina yetu yalikuwa yakisomwa Moshi, nilikuwa kwenye mteremko uleule alioangukia bibi, nimelowa umande, viganja vimechubuka. Nililia kidogo, sifichi. Halafu nikamkumbuka Sista Beatha. Kufunga banzi nilifundishwa chuoni. Yeye alinifundisha jinsi ya kuzungumza na mtu kabla sijamfunga, na kwa hilo nitamshukuru maisha yangu yote.

Nilibeba mzigo wa majani kichwani mpaka bandani, nikampigia Sista simu. Alikuwa wodini, pembeni ya bibi.

"Mpe bibi simu, Sista."

Niliisogeza yangu karibu na mdomo wa Tunu. Alikuwa akitafuna kwa kelele, bila haraka.

Bibi alisikiliza, kisha nikamsikia akimwambia Sista, "Anakula. Mgweno kaja."