Keki ya Kumwonyesha Mkwe Moto

Tangu amwoe binti yangu Myriam, Godefroid hakuwahi kunywa hata maji nyumbani kwangu. Alikuwa akifika langoni na lori lake, anapiga honi, na Myriam ndiye anayetoka. Watu wa mtaa wetu wa Kamalondo, ambao hawakosi la kusema, walisema Mama Marie-Thérèse anamdharau mkwe wake kwa sababu ni dereva. Uongo mtupu. Sikumdharau; hata sikumjua. Mtu ambaye hujawahi kumsikia akitafuna utamjuaje?

Kwetu, mkwe hali kwa mama mkwe mpaka aonyeshwe moto. Wabemba wanaita chilanga mulilo. Siku hiyo mama wa mke anapika kila chakula cha nyumba yake, mashangazi wanakiingiza na kumfunulia mkwe sahani moja moja, naye akila, aibu imeondoka. Kuanzia hapo anaweza kuingia, kukaa, kuomba chumvi kama mtu wa nyumbani. Asipokula, anabaki kuwa mtu wa langoni. Na mama mkwe mwenyewe haonekani. Anakaa uani na moto wake kusubiri sahani zirudi, na sahani ndizo zinazompa habari.

Nilitaka kuyafanya hayo mapema. Lakini mara tu baada ya ndoa mume wangu alifariki, na moto wa mkwe hauwashwi penye kilio. Tulipomaliza kilio hicho, mama yangu mzazi naye akamfuata kaburini. Godefroid ni mtu wa kaskazini, ukoo wa watu wa reli. Kwao desturi hii hawana, lakini dharau wanaijua kama watu wote, naye kimya changu alikichukua kuwa dharau.

Sasa alikuwa amepata kazi Kilwa, kule ziwani, na Myriam alikuwa na mimba kubwa. Wangepitia kwangu Jumapili mchana, kisha waondoke. Myriam alikuja siku moja kabla kuniambia neno la mume wake, akaiambia sakafu badala ya kuniambia mimi.

"Mama, Godefroid anasema atakuya kusalimia. Kama atakula, nitarudi kuzalia hapa kwenu. Kama hatakula, anasema mutoto wake hawezi kuzaliwa mahali kwenye baba yake hanywaki mayi. Nitazalia kule kule."

Kule kule. Barabara ya Kilwa wakati wa mvua inameza malori na matela yake, sembuse mwanamke mwenye uchungu. Mimi nilipomzaa Myriam nilivuja damu mpaka padri akaitwa. Niliogopa, na nikiogopa siwezi kukaa. Nilizunguka meza, nikakunja nguo zilizokwisha kukunjwa, kisha nikamuuliza mume wake anapenda kula nini hasa.

"Gato," alisema. "Mama yake alikuwa anachomaka gato mu sufuria, siku ya sikukuu. Tangu alikufa, hakuna mwenye alimuchomea tena."

Basi nikaamua kuoka keki. Mimi ni fundi wa nguo. Nguo naikata bila kuchora, na mteja akisimama mbele yangu mkono wangu unakuwa umeshaanza. Keki sikuwahi kuoka maishani. Jirani yangu Régine ndiye anayeoka keki za komunyo za mtaa mzima, lakini alikuwa amekwenda Kasumbalesa, mpakani, kutafuta majarini, na sasa alikuwa amekwama huko, gari lao katikati ya malori yasiyosogea. Jumapili asubuhi umeme nao ukakatika. Nilibaki na jiko letu la mbabula, makaa ambayo sisi tunaita makala, na sauti ya Régine kwenye simu, inayokuja na kupotea.

"Ba mama, musiogope," ujumbe wa kwanza ulisema. "Gato haiko muzungu. Muweke muchanga mukavu mu sufuria kubwa, mufunike, ipate moto kwanza. Moule, ile bati ya gato, mupakaze majarini na unga ya farine kidogo. Majarini na sukari, apo ndiyo mupige na nguvu yenu yote, mpaka ikuwe mweupe. Kisha mayayi, moja moja. Lakini farine ikishaingia, muache nguvu. Mugeuze pole pole. Tubonge tudogo tukibakia, mutuache."

Nilisikia yote, na yote nikaamini, isipokuwa hilo la mwisho. Niyaache mabonge? Katika mji huu mwanamke anapimwa kwa bukari yake, ugali wetu. Bibi arusi akipeleka bukari yenye mabonge, habari itafika Kasumbalesa kabla sahani hazijaoshwa. Mama yangu alinifundisha kuponda bonge kwenye ukingo wa sufuria kwa mwiko, na asipoona jasho kwenye paji la uso wangu alijua sijapika. Nikaushika mwiko. Nikaupiga unga ule kwa ajili ya mimba ya Myriam na kwa ajili ya barabara ya Kilwa, mpaka bega likauma. Haikubaki hata punje. Ulikuwa laini, unavutika, nami nikajiona fundi.

Niliumimina kwenye moule, nikaiweka juu ya mchanga, nikafunika, nikatandaza makala ya moto juu ya kifuniko. Kisha nikafunua kuangalia. Nikafunika. Nikafagia ua, nikafunua tena, maana nani anajua kinachotokea ndani ya sufuria iliyofunikwa? Mara ya kwanza ilikuwa imeinuka vizuri. Mara iliyofuata ilikuwa imezama katikati.

Wifi yangu Chilufya, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekuwa na kazi ya kuingiza sahani siku hiyo. Alikuja uani amevaa kitenge chake cha sherehe, akaigonga keki yangu kwa kidole.

"Mulamu," alisema, "hii tutaingiza na nyundo?"

Nilimpigia Régine. Nyuma yake honi zilikuwa zinalia.

"Mulipiga sana," alisema. "Bukari inapendaka fimbo, gato hapana. Ukiipiga na farine ndani, inakuwa mugumu. Na mulifungua?"

"Kidogo tu."

"Ba mama. Mulifungua mara ngapi?"

Nilisema mtandao ni mbaya, nikakata.

Unga ulibaki wa kutosha keki moja, na mayai pia. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Nilianza upya. Majarini na sukari nilivipiga kwa hasira, na hapo hasira ilikuwa na faida, kwani vikawa vyeupe upesi. Nilipotia unga nikageuza taratibu, nikasimama. Mabonge yalikuwepo. Niliyaona, nayo yaliniona. Mkono uliniwasha mpaka nikauweka mwiko mbali, juu ya dirisha, ili nisiufikie. Nikamimina kwenye moule, nikafunika sufuria na makala juu yake. Hapo hapo nikasikia injini ya lori langoni.

Kwenye tundu la lango niliona vitu vyao vimepangwa juu ya lori: godoro, viti, ndoo. Juu kabisa kilikuwa kikapu cha nguo za mtoto, nilizozishona mwenyewe, kila kishikizo. Nacho kilikuwa kimeshafungwa kwa kamba kwenda Kilwa.

Godefroid aliingia sebuleni. Chilufya alianza kuingiza vyakula: bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kuchemsha, samaki mkavu, na kuku. Kuku wa mkwe haingii akiwa amepungua. Shingo iko, firigisi iko, miguu iko, ili mkwe aone kwamba hakufichwa kitu. Nilisikia Chilufya akitaja kila sahani kwa sauti ya kanisani.

Nilikaa kwenye kigoda, nikainuka. Nikaokota sindano, nikaanza kushona upindo wa gauni la mteja, nikagundua nimeshona mbele na nyuma pamoja. Nikafumua. Nikasogelea sufuria. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kifuniko, nami nikaurudisha na kuukalia. Ndiyo, niliukalia mkono wangu, mtu mzima mwenye mvi. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini aliyesema hivyo hakuwa na binti anayetaka kwenda kuzalia Kilwa.

Sahani zikarudi. Chilufya aliziweka chini bila kunitazama. Bukari ilikuwa imeguswa pembeni tu. Kuku alikuwa mzima.

"Aliosha mikono," alisema. "Alionja kidogo, na heshima. Anasema ameshiba."

"Ameshiba nini? Amekula wapi?"

"Mulamu, mie naleta sahani tu."

Yote niliyopika tangu alfajiri, na mtu yule amekaa ndani kwangu kama anasubiri zamu ya zahanati. Nikamwona Myriam akilia peke yake mahali fulani njiani, mvua inanyesha, dereva anachimba tope. Wakati huo ndipo harufu ya keki ilipotoka. Ilitoka yenyewe, bila mimi kufunua kitu, ikajaza ua. Nikachomoa kijiti cha ufagio, nikakiosha, nikafunua, nikachoma katikati. Kilitoka kikavu. Keki ilikuwa imeinuka, ina rangi ya udongo wetu, na haikuzama popote. Nilitaka kucheka.

"Anasimama," Chilufya aliniita kutoka mlangoni. "Anasema safari iko mbali."

Haraka haraka haina baraka, nilijua, lakini nilikuwa nimeshika moule kwa kitambaa na nimeshaigeuza juu ya sahani. Nikaigonga. Nusu ilishuka. Nusu ilibaki imeng'ang'ania chini na pembeni, na ile iliyoshuka ikapasuka vipande vipande, moshi unatoka. Na simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Régine uliokuwa umekwama huko Kasumbalesa pamoja naye.

"Ba mama, nilisahau. Musiitoe mu moule ikiwa moto. Mungoje ipole kwanza, sababu itavunjika."

Kidogo niitupe simu kwenye makala.

Chilufya alitazama sahani, akatikisa kichwa. Hakuwa na ubaya. Desturi ni desturi. "Kintu cha kuvunjika hakiingiaka kwa mukwe. Atasema ulimupa mabaki." Akaifunika kwa kitambaa kama anafunika maiti. Mimi nikakaa chini, kwenye majivu, nikalia. Sikulia kwa ajili ya keki.

Mlango wa nyuma ulifunguka. Alikuwa Myriam, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Mama, Godefroid anasikia harufu ya gato. Anauliza iko wapi."

"Ilivunjika. Umwambie aende tu salama."

Alirudi ndani. Nikajifuta uso kwa kitenge. Akatoka tena, na safari hii alinitazama usoni.

"Anauliza kama moule mulishaiosha."

"Moule?" Chilufya alisema. "Anataka moule ya nini?"

"Kwabo, gato yenyewe ilikuwa ya bageni," Myriam alisema. "Mama yake alikuwa anaikata, anapeleka sebuleni. Batoto ba nyumba balikuwa banapewa moule tu. Yenye kubakia chini, ndiyo yabo. Anasema kama haiyaoshwa, mumuletee."

Chilufya alifungua mdomo. Kumpelekea mkwe chombo kichafu, siku ya moto wake. Hilo hakuwahi kuliona wala kulisikia. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nikaokota moule, nyeusi nje, ndani imejaa kile kilichokataa kutoka, nikatia kijiko, nikampa Myriam. Hata kitambaa sikuweka.

Halafu nikaenda kusimama kwenye ukuta. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha kijiko kikaanza kukwangua bati, taratibu, kikizunguka pembeni, halafu kwa nguvu. Kikakwangua chini. Kikarudi kwenye kona. Chilufya naye alikuwa amekuja kusimama kando yangu, sikio lake limegusa matofali, na kitenge chake cha sherehe kinafuta masizi ya ukutani.

Kijiko kikanyamaza. Kiti kikasogea. Nikajua anaondoka, nikafumba macho.

"Mama." Sauti ilikuwa karibu, upande wa pili wa ukuta, nzito, ya mtu aliyezoea kuongea juu ya injini. Sikuwahi kuisikia ikiniita. "Mama, muko na mayi?"



"Iko," nilimjibu. "Ndoo iko nyuma ya mulango. Kuya uchote."

Chilufya alinibana mkono, lakini mlango ulikuwa unafunguka. Godefroid alitoka ameinamisha kichwa, mtu mrefu kuliko nilivyodhani, makombo kwenye masharubu. Alichota maji kwa kikombe chetu cha bati, akanywa akiwa amesimama, akachota tena, akanywa. Akakirudisha kikombe mahali pake juu ya ndoo. Kisha akapita kando yangu, akaenda langoni.

Nilimsikia akipanda juu ya lori. Nilimsikia akifungua kamba. Aliporudi alikuwa amebeba kikapu cha nguo za mtoto kifuani, akasimama katikati ya ua wangu, akiangalia huku na huku.

"Mama," alisema, "hii tuweke wapi?"