Mkeka Mbele ya Nyumba

Mume wangu Zéphirin alirudi kutoka vita ya Burma na viatu vizuri, blanketi la jeshi, na tabia ya kukaa kimya. Viatu nilivipenda. Blanketi nililipenda zaidi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonishinda.

Walimchukua mwaka 1943, kwa sababu alijua kufunga vidonda, wakampeleka pamoja na waganga wa jeshi la Kongo kuwahudumia majeruhi wa Waingereza huko mbali. Aliacha watu wawili nyumbani, hapa karibu na Kasongo: mimi na Régina, binti yetu wa miaka mitatu. Mwaka uliofuata surua ilipita katika vijiji vyote vya njia ya Kabambare, na Régina akafa. Katekista Gérard aliniandikia barua ya kumpa Zéphirin habari. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, mistari minne tu: habari imefika, tumwombe Mungu, yeye ni mzima, mvua huko ni nyingi. Mvua! Nilitamani kuirarua ile karatasi mikononi mwa Gérard.

Basi akarudi, mwanzoni mwa mwaka 1946, nami nikamngoja aseme. Siku ya kwanza nikajiambia amechoka. Wiki ya kwanza nikajiambia anaona haya. Mwezi ukapita hajauliza hata kaburi liko wapi. Zamani aliniita Mama Régina, kama kila mwanaume wa kwetu anavyomwita mke wake kwa jina la mtoto. Sasa aliniita Emilienne, kama padri anayeniandika katika kitabu cha ubatizo. Mimi sikutaka mengi. Nilitaka alie pamoja nami mara moja tu, maana mtoto alikuwa wa watu wawili na nilimlilia peke yangu.

Badala yake, kila alfajiri alitandika mkeka nyuma ya nyumba, karibu na jiko, akakunja miguu, akaweka mikono mapajani na kuteremsha macho. Hata kuku akimkanyaga hakutikisika. Nilivumilia siku nane. Siku ya tisa nikamsimamia na sufuria mkononi.

"Uko unafanya nini pale?"

"Niko natazama pumuzi."

"Pumuzi ya nani?"

"Yangu. Inaingia, inatoka."

"Yangu iko inaingia na kutoka tangu nizaliwe, na sijaona mutu wa kuilinda!"

Akacheka kidogo, akanieleza. Hospitalini kwao aliletwa mzee mmoja wa kichwa kilichonyolewa, mtawa wa dini ya Buda, mguu wake umevunjwa na bomu. Wagonjwa wengine waliugulia kwa maumivu, yeye alikaa kitandani akipumua, na uso wake umetulia. Zéphirin, aliyekuwa akimfunga kidonda, alitaka kujua siri. Mpishi wa pale, aliyeokota Kiswahili kwa askari wa Tanganyika, akawatafsiria. Mzee alisema watu wanatafuta furaha katika vitu vinavyopita, na vikishapita wanalia kama walioibiwa. Kaa, alisema, fuata pumzi yako. Kikija kitu moyoni, kione vizuri mpaka kiende chenyewe. Furaha ya kweli inaanzia hapo.

"Na umeipata?" nikamwuliza.

"Niko natafuta."

"Mutoto wako naye alipita, Zéphirin."

Akateremsha macho, akarudi kwenye pumzi yake. Mimi nikarudi jikoni, na asubuhi hiyo masufuria yalipata kipigo. Sitaficha: nilimchukia yule mzee wa Burma ambaye sijawahi kumwona.

Mwezi wa tatu mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Nyuma ya nyumba pakawa matope matupu. Zéphirin akabeba mkeka wake, akautandika mbele, barazani, akielekea barabara. Nadhani vita ilimsahaulisha jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Kwetu, mtu mzima akikaa chini kwenye mkeka mbele ya nyumba yake asubuhi, macho chini, asiitikie salamu, amefiwa. Na aliyefiwa haulizwi upesi. Unatua mzigo wako, unakaa naye, unangoja mpaka mkubwa wa kijiji afike na kumwomba amtaje marehemu.

Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Wa kwanza kupita alikuwa jirani yetu Apolline, jembe begani, anakwenda kupalilia pamba ya lazima ya serikali. Alimsalimu, hakujibiwa. Akaweka jembe chini, akakaa. Baada yake akaja Pascaline na mumewe, kisha wengine. Mwenye kuni alileta kuni, mwenye mihogo akaleta mihogo. Niliporudi na ndoo kichwani nikakuta watu kama arobaini uwanjani, wanawake wamefungua vitambaa vya kichwa, na katikati yao mume wangu ametulia, anatazama pumzi.

Nikafikiri ni mama mkwe, aliyekuwa mgonjwa kule Lusangi. Nikatua ndoo, nikakaa, nikaanza kulia. Nilimlilia mama mkwe kwa bidii kubwa, na Mungu anajua hatukuwa tunapatana.

"Dada," Apolline akaninong'oneza, "ni nani?"

"Sijui."

"Hata wewe hujui?"

Hapo ndipo nilipomtazama Zéphirin vizuri. Ulikuwa uso wake wa kila asubuhi. Hakuna mtu aliyekufa. Nikaogopa, maana kwetu kukaa matanga bila maiti ni kukiita kifo kije kuchagua, na anayefanya hivyo watu wanamhama. Na Mzee Bulaimu, mkubwa wa kijiji, alikuwa ameshafika na kukaa, tasbihi mkononi.

Zéphirin akainua macho, akatuona. Nilimwona akipita uso mmoja baada ya mwingine, kisha kuni, kisha mihogo. Nikaona namna alivyokumbuka yuko wapi.

"Mwanangu," Mzee Bulaimu akasema kwa upole, "tuko hapa na wewe. Ni nani?"

Nilimwomba Mungu ampe uongo. Amtaje mjomba wa mbali, shangazi wa huko Salamabila, yeyote. Ile pumzi aliyoilinda siku zote ikawa inaingia kwa vipande.

"Régina," akasema.

Wote walimjua Régina. Apolline alimwosha kwa mikono yake siku ya kumzika.

"Mutoto yangu Régina," akasema tena. "Barua ilinikuta niko nabeba mutu kwa machela. Nikaisoma, nikaiweka mufukoni, nikaendelea kubeba. Mzee wa kule aliniambia, kitu ikikuja, uione. Mimi, Régina akikuja, nakimbilia pumuzi. Kila asubuhi anakuja, kila asubuhi namukimbia. Nilisema niko natafuta furaha."

Akanigeukia. "Mama Régina, alikuwa na homa siku ngapi?"

Miaka miwili nilikuwa nimelibeba jibu la swali hilo.

"Siku sita. Ya tano alikula ndizi kidogo. Nikafikiri amepona."

"Aliniita?"

Ningeweza kumpa uongo ule niliomwombea. Nikaona hapana, atauona.

"Apana. Alikuwa amesahau sura yako. Aliniita mimi."

Akalia. Alilia kinywa wazi, kama mtoto, mbele ya watu wote, nami nikasogea mpaka mkekani nikamshika kichwa. Nilikuwa na huzuni kubwa na nilikuwa na furaha, vyote pamoja. Sijui yule mzee wa Burma angeiitaje. Tangu siku hiyo simchukii tena.

Mzee Bulaimu aliacha wanawake walie mpaka wachoke, ndipo akakata shauri. "Matanga ni ya kweli. Siku tatu hakuna mutu kushika jembe."

Jua lilipopanda akafika Michel, msimamizi wa mashamba ya pamba, juu ya baiskeli yake, amevimba kwa hasira. Mashamba yote ya upande huu hayakuwa na mtu, na mzungu wa kilimo alikuwa njiani kuja kuyakagua. Alipotuona tumekaa chini akashuka na kupunguza sauti.

"Munisamehe, ni lazima nimwambie mzungu sababu. Nani amekufa?"

Wote wakanitazama mimi.

"Binti yetu," nikasema. "Régina."

"Lini?"

Zéphirin alikuwa bado na kichwa begani mwangu, na nguo yangu imelowa.

"Asubuhi hii," nikasema.

Michel akavua kofia, akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa.