Chaja Iliyochomolewa

Kwa miaka thelathini fundi mmoja wa magari alikuwa akijua ugonjwa wa gari kwa kusikiliza mlio wake tu. Lakini gari aliloletewa na mkunga mmoja halikuwa na mlio. Lilikuwa la umeme, na yeye na bintiye, ambaye sasa ndiye mwenye gereji, walikuwa wamelibadilishia kifaa kinachosimamia betri kubwa. Kifaa kipya kilikaa sawasawa, ila gari lisingekitambua mpaka programu iwekwe upya.

Binti aliunganisha kompyuta, akafunga chaja kwenye betri ndogo inayolisha kompyuta za gari, akamsisitizia baba yake kwamba umeme usikatike hata kidogo kwa saa nzima, mpaka programu iishe kuingia. Kisha akatoka kwenda kununua skrubu.

Haukupita muda, mteja mwingine akaingia. Gari lake lilikuwa limezima getini, anaomba liwashwe. Mzee akaitazama ile chaja, akaona dakika mbili si kitu. Akaichomoa, akaenda nayo getini kuliwasha lile gari. Aliporudi, kompyuta ilikuwa imeandika maneno mekundu, na gari la mkunga halikuwasha hata taa. Akairudisha chaja mahali pake, akajifanya hamnazo.

Binti aliporudi, alihangaika nalo hadi mchana. Mkunga alipofika, binti akamwambia kwamba kifaa kipya ni kibovu. Kitarudishwa kilikotoka, na gari litakaa wiki mbili. Mkunga hakulalamika. Alisema tu kwamba ana wajawazito wawili ambao siku zao zimekaribia, nao wanakaa mbali, hajui atawafikiaje.

Kwa mzee, kukiri kulikuwa aibu mbele ya mteja, na aibu zaidi mbele ya mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika spana. Akapiga moyo konde.

"Kifaa ni kizima, mwanangu. Nilichomoa chaja."

Binti alimkazia macho. Mkunga akauliza kama kazi inaweza kuanzwa upya. Binti akajibu kwamba atajaribu, lakini haahidi.

Mara mbili kompyuta ilikataa. Mara ya tatu ikakubali. Saa nzima mzee hakubanduka kwenye chaja. Wateja walioita nje wakaambiwa wasubiri. Hatimaye taa za dashibodi zikawaka, mkunga akashukuru, akaondoka na gari lake kimyakimya.

"Kesho unifundishe tangu mwanzo," mzee alisema, macho chini.

"Leo, Baba," binti akajibu, akamsogezea kiti mbele ya kompyuta.